Boti ya mkononi: naijua kwanza waya kwa waya

Boti nimeshaipata jamani. Ya faiba, futi 23, mashine yake Yamaha Enduro hosipawa 40, ile tustroki ya kuvuta kamba ambayo huku pwani ukishuka diko lolote hukosi kuiona. Nimeinunua mkononi kwa mzee mmoja hapa hapa Pangani ambaye ameamua kupumzika na bahari, na kabla sijatoa hela nilikaa na karatasi zake nikalinganisha namba ya ubavuni na namba iliyogongwa kwenye mashine yenyewe, maana TASAC, wale wa serikali wanaosimamia usajili na usalama wa vyombo vya majini, wakija kukagua wanataka vyote vifanane na usajili uhame jina.

Bado sijaishusha. Watu wanapita wanauliza unangoja nini, na jibu langu ni kwamba boti ya mkononi haiji na kitabu. Hii imepita kwa wenyewe kadhaa na kila mmoja kaongeza kitu chake, huyu kaweka swichi, yule kapitisha waya, mwingine kabadilisha mpira wa mafuta akaunga katikati, na yote hayo sasa ni yangu na nitayategemea nikiwa mbali na watu. Kwa hiyo nimejiwekea sheria moja tu, kila waya na kila mpira naufuata kwa kidole kuanzia unapoanzia mpaka unapoishia, na kama sijaona mwisho wake basi hicho kitu bado sikijui.

Nilianza na mafuta. Tangi ni lile jekundu la lita 24, na juu ya kifuniko kuna skrubu ndogo ya kupitishia hewa, hii watu wengi wanaisahau halafu wanalaumu mashine. Ikiwa imefungwa mashine itawaka vizuri kabisa, itaenda dakika kadhaa halafu itakufa kama imeishiwa, kwa sababu petroli inatoka na hewa haiingii, tangi linajivuta lenyewe. Unafungua skrubu tu inawaka tena. Halafu kile kipira cha kubinya kwa mkono, kina mshale, mshale unaangalia upande wa mashine, na ukibinya ukishike mshale uangalie juu ndio kinajaa haraka mpaka kinakuwa kigumu. Kisipokuwa kigumu kuna sehemu inavuta hewa. Na kikinywea chenyewe mashine ikiwa inaunguruma, basi kizuizi kiko nyuma yake, upande wa tangi. Yaani kipira kile ukikijua kinakwambia ugonjwa uko upande gani kabla hujashika spana.

Kati ya tangi na mashine kuna chujio la kutenganisha maji, mzee aliliongeza mwenyewe na namshukuru sana. Nililifungua nikamimina kwenye chupa nyeupe ya maji ya kunywa nikaiacha ikae kivulini. Baada ya muda mstari ukajichora wenyewe, petroli juu, maji chini, karibu urefu wa kidole, na chini kabisa vumbi la kutu. Hayo maji yangeingia kwenye kabureta siku ya mawimbi, tangi linapotikiswa, ndio siku usiyotaka mashine izime. Nimebadilisha chujio, nimeosha tangi, nimenunua na chujio la akiba.

Kuhusu oili, hili muulize anayekuuzia kabla ya kitu kingine chochote, mashine yako inachanganywa au inajichanganyia? Kuna mashine zina tangi lao la oili na kuna hizi za kuchanganya mwenyewe, na ukiipa mashine ya kuchanganya petroli tupu unaiua. Hii yangu ni ya kuchanganya, petroli 50 kwa oili 1, kwa hiyo lita 24 zinataka mililita 480. Na oili iwe ya mashine za boti, ile imeandikwa TC-W3. Huku naona watu wanatia ya pikipiki kwa sababu inapatikana kila duka, lakini mashine ya boti inapozwa na maji ya bahari, haipati joto kama la pikipiki, na oili yake imetengenezwa isiache majivu ndani. Tofauti ya bei ni ndogo sana ukilinganisha na pistoni.

Sasa njoo kwenye maji ya kupozea, hapa ndipo nimekaa muda mrefu kuliko kote. Mzee aliniambia mashine inakojoa vizuri, yaani inatoa ule uzi wa maji wa kuonyesha kwamba maji ya kupozea yanazunguka, na ni kweli, tuliiweka kwenye pipa la maji baridi tukaiwasha na ule mkojo ukatoka mwembamba lakini wa moja kwa moja. Wengi wangeishia hapo. Fundi wangu akasema, "Mwanangu, mkojo unakwambia maji yamefika hapo tu, haukwambii mengine yameishia wapi." Tukateremsha mguu wa mashine, tukafungua pampu, tukatoa ile impela ya mpira, pangaboi dogo linalosukuma maji. Visu vyake viwili vilikuwa vimelala upande mmoja havirudi, mpira umekuwa mgumu kwa kukaa bila kazi, na kimoja ncha yake haipo kabisa. Nikafikiri tunaweka mpya tunafunga. Fundi akagoma. Akasema hatufungi mpaka tuione hiyo ncha, kwa sababu mpira ukikatika hauanguki chini, unapanda na maji mpaka ukute njia nyembamba ukae hapo. Tukaitafuta, tukapiga maji safi kwa nguvu kwenye bomba linalopanda, mara ya kwanza ikatoka chumvi, mara ya pili mchanga, halafu kikatoka kipande cheusi kidogo kuliko ukucha wa kidole cha mwisho. Hicho tu! Hicho kingeziba njia siku moja na silinda ikashika njiani kwenda kisiwa cha Maziwe.

Termostati, ile vali inayozuia maji mpaka mashine ipate joto lake, nayo haikuwepo, ilishatolewa zamani. Huku mafundi wengi wanaitoa wakisema bahari yetu ina joto haina kazi, na mimi sikubaliani nao, mashine ikienda baridi muda wote inachoma vibaya na kujaza masizi, ukienda taratibu ndio zaidi. Nimeagiza mpya.

Oili ya giaboksi ilinichukua dakika chache, fungua skrubu ya chini kwanza, angalia rangi. Ikitoka nyeupe ya maziwa maji yameingia. Yangu ilianza kuwa na weupe, tukatoa propela tukakuta mshipi wa kuvulia umejizungusha nyuma yake ukala sili, ule mpira unaozuia maji yasiingie. Kumbe hii ni kawaida sana kwa boti za wavuvi, kwa hiyo ukinunua boti ya mvuvi toa propela uangalie, usingoje. Wakati wa kujaza unajaza kutokea chini mpaka itoke tundu la juu, ili hewa isibaki.

Kamba ya kuzimia mashine, ile unayojifunga mkononi, ilikuwepo lakini klipu yake imefungwa kwa waya moja kwa moja kwenye swichi, yaani hata ukianguka mashine inaendelea na safari yake na wewe uko majini. Sijui nani alifanya hivyo katika wote walioimiliki. Nimetoa waya, nimeijaribu mara nyingi, ukivuta inazima. Nimenunua na klipu ya pili kwa ajili ya atakayebaki botini kama mimi ndio nimeanguka, maana bila klipu hawezi kuiwasha anifuate.

Umeme wa boti hii ni betri moja, pampu ya kutolea maji, taa na chaja ya simu. Pampu imeandikwa galoni 500 kwa saa, ukibadilisha ni kama lita 1,900, yaani lita 31 kwa dakika, na hapo betri imejaa na mpira wa kutolea umenyooka. Nikapiga hesabu nyingine, tundu la inchi moja lililo sentimita 30 chini ya maji linaingiza zaidi ya lita 40 kwa dakika. Kwa hiyo pampu hii ni ya mvua na ya mawimbi yanayorukia ndani, ukitoboka haikuokoi, utaziba huku watu wanafua maji kwa ndoo. Ndiyo maana nimefunga ndoo mbili kwa kamba, na vizibo vya mbao laini vya ukubwa tofauti viko pamoja na nyundo. Swichi ya kujiwasha yenyewe nilipomimina maji haikuitika, nikafuata waya wake nikakuta maungio yamefungwa kwa tepu ya umeme wa nyumbani na shaba ndani imekuwa kijani. Nimekata mpaka nilipokuta shaba inayong'aa, nikaunga upya, nikaweka fyuzi karibu na betri.

Na taa, jamani taa. Nyekundu iwe kushoto, kijani kulia ukiwa unaangalia omo, yaani mbele ya boti. Hii ilikuwa imefungwa kinyume. Usiku anayekuja mbele yako anasoma hizo rangi ili ajue unaelekea wapi, sasa ukimwonyesha kinyume atakukwepa kwa kukujia. Nimezigeuza siku hiyo hiyo.

Nanga yenyewe ni nzuri, nzito, ina mnyororo. Kamba niliipima kwa mikono nikapata pima 12, kama mita 21. Haitoshi. Bahari ya huku siku za bamvua, yale maji makubwa, inapanda na kushuka zaidi ya mita 3, kwa hiyo ukitia nanga penye mita 4 maji yamekupwa, yakijaa uko kwenye 7, na kamba inatakiwa angalau mara tano ya kina ndio nanga ilale ishike mchanga, hapo unahitaji karibu pima 20. Naongeza. Pia nimeangalia ncha ya mwisho ya kamba kama imefungwa kwenye boti, na haikuwa imefungwa. Kule Maziwe ni eneo tengefu, matumbawe hayatakiwi kuguswa na nanga, kwa hiyo kamba ndefu inanisaidia pia kusimama kwenye mchanga nikiwa mbali na mwamba.

Makoti ya kuokolea yapo sita, nimebinya kila moja, mawili sponji imekufa inabaki na alama ya kidole, hayo nimeyatoa kabisa nisije nikamvalisha mtu. Fataki za dharura tarehe imepita.

Kitu kilichonigusa kuliko vyote ni GPS ya mkononi. Niliiwasha nikakuta pointi za mzee zote zimo, zimeandikwa kwa kifupi, CHANGU, KOLE 2, MLANGO, nyingine namba tu. Nikampigia nikamuuliza nizifute au nimrudishie. Akaniambia nyingi ni za baba yake, aliyekuwa anazipata kwa kulinganisha mnazi fulani na kilima fulani nchi kavu, na yeye alipopata hicho kidude akaenda moja moja akisimama pale baba alipokuwa anasimama, akabonyeza. Akasema zitumie, usizigawe. Sitazigawa. Ile ya MLANGO tu ndiyo aliniambia niifute, maana mchanga wa mdomo wa mto unahama, ulipokuwa mfereji juzi leo kuna fungu, hapo unaangalia mawimbi yanapovunjika wala huangalii kioo.

Tutaijaribu siku za maji mafu, ambapo bahari haipandi wala kushuka sana, maji yakianza kujaa, ndani ya mto kwanza mbali na kivuko. Nimechagua maji ya kujaa kwa sababu mashine ikizima yanaturudisha ndani, yakiwa yanakupwa yangetusukuma nje. Mzee nimemwomba aje na amekubali, ila kasema yeye atakaa omo na mashine nishike mwenyewe.