Mitupo Mifupi

Daftari lenyewe ninalo mpaka leo. Jalada limechanika na kurasa za mwanzo zimeshikana kwa maji yaliyomwagika benchini, ila kurasa za nusu fainali zinasomeka vizuri. Kila ukurasa una mchoro wa nusu uwanja wa mpira wa kikapu. Mtupo ulioingia niliuwekea duara, uliokosa niliuwekea iksi. Ukifungua kurasa za nahodha katika mechi tatu za mwanzo utadhani mtoto alikuwa anafundishwa kuandika iksi.

Ilikuwa 2011. Mimi sikuwa mchezaji tena, goti lilikuwa limeniaga msimu mmoja kabla. Mwalimu, kwa huruma nadhani, alinikabidhi daftari, kalamu na ufunguo wa ukumbi wa mazoezi, nikawa mtunza takwimu wa timu niliyokuwa naichezea. Nilikaa kiti cha mwisho kabisa, baada ya chupa za maji. Nahodha tulipishana miaka mitatu tu, lakini nilimwita kaka naye akaniita mdogo wangu, na sikuona ajabu, kwa sababu uwanjani alikuwa mkubwa wa kila mtu.

Alikuwa mfungaji bora wa ligi msimu ule. Alipokea mpira magoti yakiwa yameshakunjwa, akapaa kidogo tu, na mpira ukishatoka kiganja chake kilibaki hewani kimeinama kama shingo ya korongo anayevizia samaki. Hakukiteremsha mpaka wavu usikike. Mpira ukipita bila kugusa chuma, wavu hutoa sauti kama ya kitambaa kinachopasuliwa, na sisi wa benchi tulikuwa tumezoea kuinuka kabla haujafika.

Nusu fainali ilikuwa ya anayetangulia kushinda mechi tatu. Mechi ya kwanza nahodha alitupa mara 14, ikaingia mitatu. Tukafungwa. Hakuna aliyeshtuka, siku mbaya humpata kila mtu. Mechi ya pili alitupa 17, ikaingia minne, na tulishinda kwa sababu vijana wa chini ya ringi walipigania kila ribaundi, mpira unaorudi baada ya mtupo kukosa, kama ndugu wanaogombea urithi. Mechi ya tatu, 15 kwa miwili. Tukafungwa tena. Mmoja kati ya ile miwili uligonga ubao kwa bahati mbaya ukaingia, na yeye mwenyewe aliona aibu, akarudi kukaba akiwa ameinamisha kichwa.

Basi kila mtu akawa daktari. Wengine walilaumu mstari, kwani huo ndio msimu wa kwanza mstari wa pointi tatu kuwa mita 6.75 badala ya 6.25. Ila kwa mstari huohuo alikuwa ameongoza ligi nzima! Wengine wakasema kichwa, mwanamume anaogopa mechi kubwa. Hili ndilo liliniudhi kuliko yote, maana waliolisema kwa sauti kubwa hawakuwahi kusimama mbele ya ukumbi uliojaa huku mkono umelowa jasho. Na wapo waliosema bahati. Hao niliwaacha.

Mwalimu msaidizi, mtu mzima aliyekuwa akikumbuka mechi za zamani kama wengine wanavyokumbuka misiba, alituhadithia habari za John Starks wa New York. Mechi ya saba ya fainali za NBA, ligi kuu ya kikapu ya Marekani, za 1994, kule Houston, Starks alitupa mara 18 akaingiza miwili. Ya pointi tatu alijaribu 11, hakuna hata mmoja ulioingia. New York wakalala 90 kwa 84. Kilichomuuma mzee hakikuwa Starks. Kilimuuma kwamba kocha Pat Riley hakumtoa, na Rolando Blackman, mtupaji mzoefu, alikaa benchi mpaka king'ora cha mwisho. Alipomaliza alimtazama mwalimu wetu. Mwalimu akajifanya anafunga kamba za viatu.

Nahodha naye alikuwa na mtu wake wa kujifariji, Ray Allen wa Boston. Mwaka mmoja kabla, fainali za 2010, Allen aliwafunga Lakers mitupo minane ya pointi tatu katika mechi ya pili, rekodi ya fainali kwa wakati huo. Mechi iliyofuata akatupa mara 13 bila kuingiza hata mmoja. "Unaona, mdogo wangu?" nahodha aliniambia. "Mkono hauwezi kusahau kwa siku mbili. Unapotea njia tu, unarudi." Nami nikaitikia kwa kichwa. Sikumwambia kwamba usiku ule Allen alikuwa pia na kazi ya kumkaba Kobe Bryant, nyota wa Lakers, na kwamba miguu iliyomkimbiza Kobe ndiyo hiyohiyo iliyotakiwa kuinua mpira. Sikumwambia, na hapo ndipo kosa langu lilipo, kwa sababu nilikuwa na zaidi ya hadithi ya Ray Allen. Nilikuwa na karatasi.

Niliwahi kufundishwa udogoni kwamba kukosa si kukosa tu. Kuna kukosa kwa kushoto na kulia, huko tazama kiwiko na vidole. Kuna mtupo mrefu unaogonga chuma cha nyuma, huo mara nyingi haudhuru, mtupaji ana nguvu za kubaki nazo. Kisha kuna mfupi, unaogonga chuma cha mbele. Mfupi mmoja au miwili si kitu. Mifupi mfululizo ni miguu. Goti halikunjuki kama zamani, mwili haupandi, mkono unalazimika kusukuma peke yake, na mpira unasafiri bapa. Ringi ina upana wa sentimita 45 na mpira sentimita 24 hivi. Ukishuka kutoka juu, mlango ni mpana. Ukija bapa, ringi inakuwa kama jicho la mtu anayesinzia.

Kwa hiyo nilikuwa na tabia ya kuongeza kistari kwenye kila iksi. Kistari chini, mfupi. Kistari juu, mrefu. Pembeni, pembeni. Hakuna aliyeniagiza. Baada ya mechi ya kwanza nilihesabu: iksi 11, vistari vya chini tisa. Nikaona, nikafunga daftari.

Sababu ya miguu kuchoka haikuhitaji mganga. Kijana wetu aliyekuwa akipandisha mpira aliteguka kifundo cha mguu siku za mwisho za ligi, na kazi yake ikamwangukia nahodha. Wapinzani wakamwekea wakabaji wawili wenye mapafu ya farasi, wakipokezana kumsukuma tangu chini ya ringi yetu mpaka kwao. Alicheza karibu dakika zote 40, kila mechi. Hilo mwalimu alilijua. Jambo ambalo hakulijua ni la usiku.

Usiku wa mechi ya kwanza, nahodha alikuja kugonga mlango wangu. "Ufunguo," alisema. Tukaenda ukumbini, tukawasha taa za upande mmoja tu. Alitupa mipira 300. Nilijua ni 300 kwa sababu niliihesabu, ndiyo kazi yangu, nikisimama chini ya ringi namrudishia mmoja mmoja. Usiku wa mechi ya pili, 300 tena. Siku ya mapumziko, 400.

Nitasema kweli, usiku ule niliupenda. Nilikuwa nimekaa mwaka mzima kwenye kiti cha baada ya chupa za maji. Sasa mchezaji bora wa ligi alikuwa ananihitaji mimi, na hakuna mwingine aliyejua. Mpira ukiingia nilimpasia kifuani, "twende kaka." Ukikosa, nilipasia vilevile, "twende kaka." Ilikuwa kama nacheza tena. Na wakati huohuo niliona mitupo ya mwanzo ikipita safi, ikifika mia na kitu ikaanza kushuka, chuma cha mbele, chuma cha mbele. Nilikuwa namsikia akipumua kwa mdomo. Yeye alifikiri anautafuta mkono. Mimi nilijua anaimaliza miguu, na nilikuwa namsaidia kuimaliza.

Usiku wa mechi ya tatu alikuja mapema kuliko kawaida, ana taulo shingoni. Akanyoosha mkono bila kusema kitu. Badala ya ufunguo nikamwekea daftari.

Alifungua akiwa amesimama mlangoni. "Hivi vistari ni nini?"

"Vya chini ni mifupi, kaka."

Alianza kuhesabu kwa ukucha wa kidole gumba, taratibu, kistari kwa kistari, kama mtu anayehesabu fedha ambazo tayari anajua hazitoshi. Mechi ya kwanza. Akafungua ukurasa. Ya pili. Akafungua. Ya tatu. Mahali pamoja alirudi nyuma kuhesabu upya. Mimi nilikuwa natazama soksi zake.

"Una hii tangu lini?"

"Tangu mechi ya kwanza."

Kimya. Kisha akauliza swali ambalo nilikuwa nimeliandalia majibu matatu, na yote yakanikauka mdomoni: "Na usiku wote huu ulikuwa unanirudishia mpira?"

Sikujibu. Hakunitukana, na hakupandisha sauti. Alifunga daftari, akanirudishia kwa mikono miwili, kwa adabu iliyoniuma kuliko kofi, akaondoka. Nilikaa nikisikiliza kama atakwenda kumwamsha mlinzi apewe ufunguo wa akiba. Hakwenda. Asubuhi nilimpelekea mwalimu daftari na kumweleza yote, pamoja na habari za usiku. Alinitazama kwa muda mrefu. "Kijana," akasema, "nilikupa ufunguo ili ufunge." Mpaka leo sijui kama alikuwa anatania.

Siku mbili zilizofuata nahodha hakugusa mpira. Alilala, akanyoosha miguu, akalala tena. Mwalimu alimvua kazi ya kupandisha mpira, akampa kijana wa akiba ambaye mikono ilikuwa ikimtetemeka hata akifunga zipu ya koti. Pia alimwambia nahodha kwamba kila robo atatoka dakika tatu, apende asipende. Alipenda kidogo sana.

Mechi ya nne, mtupo wake wa kwanza ulikuja dakika ya pili, kona ya kushoto. Alipanda. Niliona pengo kati ya viatu na sakafu, nikalijua, lilikuwa la zamani. Mpira ukapaa juu, ukagonga chuma cha nyuma, pwaa, ukaruka mpaka karibu na mstari wa mitupo huru. Amekosa. Ukumbi ukaguna kwa pamoja, "aaah," na mimi nikaruka kutoka kitini nikapiga kelele za furaha, peke yangu, benchi zima linanishangaa. Mwalimu msaidizi alinivuta shati: "Wewe, una akili timamu?"

"Mrefu!" nilimwambia. "Mzee, ni mrefu!"

Nahodha alisikia. Alikuwa anarudi kukaba, akageuza shingo kuelekea benchi, na kwa mara ya kwanza tangu ule mlango akanitazama usoni. Hakutabasamu, ila alinitazama. Mtupo wa pili uliingia. Wa tatu ukaingia. Siku hiyo alitupa 13, ikaingia saba, na ile iliyokosa ilitawanyika kila upande kama ya mtu wa kawaida. Tulishinda.

Mechi ya tano siwezi kuisimulia yote. Tuliongoza, tukafikiwa, kijana wa akiba alipoteza mipira miwili na kuokoa mitatu. Zikabaki sekunde tisa, tuko nyuma kwa pointi moja. Kila mtu ukumbini alijua mpira unakwenda kwa nani, wakabaji wake wawili wakiwa wa kwanza kujua. Aliupata upande wa kulia, akadunda mara moja, akapanda. Kiganja kikabaki hewani. Mpira uliingia ndani ya ringi, nausema hivyo kwa sababu niliona nusu yake ikiwa chini ya chuma, ukazunguka, ukazunguka tena, ukatoka.

King'ora kililia. Nilikuwa na kalamu mkononi na sikuwa na alama ya mtupo wa namna hiyo.

Chumbani watu walikaa wamejifunika taulo vichwani. Nahodha alikuwa anabandua bendeji kifundoni, akiivuta polepole ising'oe vinyweleo. Nilikaa karibu naye kwa sababu ndiyo nafasi pekee iliyokuwepo. Baada ya muda mrefu aliniuliza, bila kuinua kichwa:

"Mfupi?"

"Hapana, kaka. Ulizunguka."

"Sikuuona mwisho. Yule mrefu alinifunika." Akakunja bendeji ikawa donge, akalirusha kwenye pipa la taka upande wa pili wa chumba. Likaingia. Akanyoosha mkono. "Hebu nione umeandikaje."

Nikampa daftari. Pale pa mtupo wa mwisho palikuwa na duara, ndani yake iksi, hakuna kistari. Aliliangalia, akachukua kalamu yangu, akaweka kistari kidogo sana chini.

"Kidogo tu," alisema. "Dakika ya mwisho nilichoka."