Mwangalizi ndani ya boti: uzoefu wangu wa kuvuta watelezaji wa skii Mwanza

Ninaendesha boti ya watalii katika Ghuba ya Mwanza. Wageni walipoanza kuulizia mchezo wa kuteleza majini kwa skii, yaani mbao ndefu za kuvaa miguuni huku mtu akivutwa kwa kamba nyuma ya boti, mwenye boti aliniita na kuniuliza kama ningeweza kuwavuta. Nilimjibu kwamba naweza, kwa sharti moja: tusing'oe nanga bila mtu wa tatu, ambaye hatakuwa na kazi nyingine ila kumtazama anayevutwa, tangu anaposhika mpini wa kamba hadi anapopanda ngazi kurudi botini. Yeye aliona kwamba mtu wa tatu ni posho ya ziada na mafuta ya ziada, na akanikumbusha kuwa boti ina kioo cha kutazamia nyuma. Nikaona nimweleze kwa hesabu.

Mtu mzima anayejifunza huvutwa kwa mwendo wa karibu kilomita 30 kwa saa, na kwa mwendo huo boti hupita zaidi ya mita 8 kila sekunde. Kamba inayotumika kwa kawaida ina urefu wa mita 23 hivi. Nahodha akigeuza shingo kwa sekunde 3 tu ili amtazame mtu wake, boti itakuwa imekwenda mita 25 bila macho ya mbele, yaani zaidi ya kamba nzima. Katika maji yetu, mita 25 zinatosha kukutanisha boti na mtumbwi wa mvuvi, boya la nyavu za sangara, rundo la magugu maji, au jiwe lililojificha chini kidogo tu ya uso wa ziwa. Na kila anayepita ghubani anajua kwamba miamba inayoonekana, kama ule wa Bismarck, si ndiyo ya kuogopwa zaidi. Kioo kinasaidia, lakini kioo kitamwonyesha nahodha kwamba mtu ameanguka bila kumweleza kama ameinua mikono kuonyesha kuwa ni mzima au la. Mwenye boti alinyamaza kidogo, kisha akaniambia nimtafute huyo mtu.

Sikutaka rafiki wa mgeni apewe kazi hiyo, kwa sababu rafiki huja na simu mkononi, na anayepiga picha hutazama picha. Nilimchagua kijana mmoja aliyekuwa akivua na baba yake upande wa Igombe. Anaogelea vizuri, sauti yake inashinda kelele za mashine, na jicho lake limezoea kutambua kipande cha plastiki kinachoelea kuwa ni boya lenye nyavu chini yake. Hilo la mwisho sikuweza kumfundisha mtu wa mjini kwa haraka.

Mafunzo tuliyaanzia mchangani. Yeye alikaa ndani ya boti iliyokuwa imevutwa nchi kavu, akiwa ameupa usukani mgongo, nami nikasimama mwisho wa kamba nikiwa nimeshika mpini. Dole gumba juu ni kuongeza mwendo, dole gumba chini ni kupunguza. Kiganja kilichoinuliwa wima ni kusimama, mkono unaokatisha shingoni ni kuzima mashine mara moja, na kujigonga utosini ni kuomba kurudishwa. Mtu akianguka na akawa mzima, huikutanisha mikono yake juu ya kichwa. Tulikubaliana kwamba asiyefanya hivyo tutamhesabu kuwa ameumia, hata kama anacheka.

Kilichotuchukua muda zaidi ni maneno. Kijana alikuwa na mazoea ya kusema, "Kaka, hebu cheki huku," na kila aliposema hivyo nami niligeuka, jambo ambalo ndilo tulilokuwa tukilikwepa. Kwa hiyo tuliweka maneno mafupi: "Kaanguka", "Mzima", "Hajajibu", "Kamba imelegea", "Zima". Mimi hujibu "Nimesikia" nikiwa bado natazama mbele. Neno "Zima" halina majadiliano. Likitoka kinywani mwake mashine inazimwa, na maswali yanafuata baadaye.

Jambo la bendera lilitupeleka hadi kwa wavuvi. Katika jimbo la California, Marekani, sheria inataka boti inayovuta mtelezaji ionyeshe bendera nyekundu au ya rangi ya machungwa mtu anapokuwa ameanguka majini, na mwangalizi awe na umri usiopungua miaka 12. Bendera hiyo ina faida pale tu ambapo wengine wanaielewa, na ghubani kwetu hakuna aliyekuwa ameiona. Tulikwenda mwaloni kuzungumza na viongozi wa BMU, kikundi cha wavuvi kinachosimamia mwalo, tukawaonyesha kitambaa chenyewe na kuwaeleza kwamba kikiinuliwa maana yake kuna kichwa cha mtu ndani ya maji. Mzee mmoja baada ya kuitikia shikamoo yetu alisema, "Wanangu, sisi mchezo wenu hautusumbui. Kinachotusumbua ni mashine kukata nyavu." Alikuwa na haki kabisa. Papo hapo walituonyesha eneo ambalo hawategi, nasi tukakubali kutoka baada ya mitumbwi ya dagaa kurejea asubuhi na kurudi kabla ya upepo wa mchana kuinua mawimbi. Pia ndio waliotuambia ni wapi penye matete tusipakaribie, kwa ajili ya mamba na viboko. Jua likizama hatuvuti mtu yeyote.

Kuhusu jaketi okozi sikuhitaji kubishana na mtu. Mji huu unaikumbuka tarehe 21 Mei 1996, siku meli ya MV Bukoba ilipozama. Nilichosisitiza ni kwamba jaketi liwe la sponji, lifungwe likabane, maana lile la kujazwa hewa halifai kwa mtu anayeyapiga maji kwa kasi.

Manufaa ya mpango huu yalionekana asubuhi moja tulipokuwa tukimvuta mwalimu mmoja wa kike aliyekuwa amekwisha kuzoea kusimama kwenye skii. Nilisikia "Kaanguka", nikapunguza mwendo. Kisha "Hajajibu", na nilipoanza kugeuza taratibu kijana alikuwa amesimama akiinua kitambaa, kwa sababu mtumbwi wenye mashine ulikuwa unakuja moja kwa moja kuelekea aliko dada yule. Yule mshika usukani wa mtumbwi alikiona, akakata kona pana na kutupungia mkono. Nilimkaribia mwalimu nikimweka upande wangu wa usukani nisimpoteze machoni, na nikazima mashine kabla ya kumfikia, si baada. Pangaboi lisilozunguka ndilo pekee ninaloliruhusu karibu na mguu wa mtu. Sirudi kinyumenyume kumfuata mtu kwa hali yoyote. Alikuwa ameshika skii moja, amekatika pumzi kwa jinsi alivyoangukia kifua, na hakuweza kuinua mikono wala kusema. Kijana alikusanya kamba yote ndani kwanza, kisha akamshika kwenye mabega ya jaketi hadi ngazini, akimwambia, "Pumua taratibu, dada, tumekushika."

Tangu hapo mwenye boti hajaniuliza tena habari za posho ya mtu wa tatu. Nimemwomba jambo jingine, naye amekubali: tuwe na waangalizi wawili wa kupokezana, kwa kuwa kutazama maji yanayong'aa juani kunachosha macho kuliko kushika usukani. Kijana wetu sasa anamfundisha binti wa mvuvi mwenzake, kwa kuanzia mchangani vilevile. Marafiki wa mgeni wanakaribishwa botini na wanaweza kupiga picha watakavyo, mradi wakae pembeni wasimzibe mwangalizi, na simu ya mwangalizi mwenyewe inabaki ndani ya mfuko mpaka kamba yote iwe imeingia botini.