Kumbukumbu ya mradi: inaingia kwa antena, jibu linatokea kwa modemu

Imekubali! Niko Mokowe, simu mkononi, nasoma kina cha maji ya tangi la darini kwetu Langoni, Lamu, na ile Raspberry Pi (kompyuta ndogo inayoendesha seva ya tangi) ina laini zote mbili zimewaka kwa pamoja. Naandika haraka kabla sijasahau nilipopita.

Mpangilio ni huu. eth0 iko kwenye ruta ya antena: 192.168.88.10, lango (anwani ya kutokea nje) 192.168.88.1. eth1 ni modemu ya USB yenye laini ya simu: 192.168.8.100, lango 192.168.8.1. wlan0 inagawa WiFi nyumbani, 10.20.0.0/24. Antena ni ya polepole lakini nimeilipia anwani ya umma, na ruta yake inapitisha maombi ya kutoka nje ya seva hadi kwenye Pi. Modemu ina kasi, ila kampuni imeificha nyuma ya NAT yake (wateja wengi wanagawana anwani moja ya umma), zile anwani za 100.64, kwa hiyo kutoka nje haifikiki. Basi nikataka nyumbani watumie modemu, na mimi nikiwa nje niingilie antena.

Kilichonitoa jasho ni kwamba siku nyingine ilikuwa inaingilika na siku nyingine haiingiliki, bila mtu kugusa kitu. Mtaani kitu cha angani kikikatika hulaumiwa kusi. Fundi wa antena akapanda, akapima, akasema, "Kaka, huku kwangu kusafi." Na kweli kulikuwa kusafi.

Nikaanza kuweka alama kila siku inapokataa, na alama zote zikaangukia baada ya stima kukatika na kurudi. NetworkManager, programu ya kusimamia laini za mtandao ambayo Raspberry Pi OS imeitumia badala ya dhcpcd tangu toleo la Bookworm la 2023, huipa laini ya waya metriki 100 (namba ya kupanga upendeleo, ndogo ndiyo hushinda). Ya pili ikija inakuta 100 imechukuliwa, inapewa 101. Anayeamka kwanza ndiye mkubwa. Antena ikiwahi, njia chaguomsingi (ya kila kisicho na njia yake maalumu) ni antena na kila kitu kinaingia na kutoka hapo hapo (nyumbani wanalalamika tu kwamba video zinakwama). Modemu ikiwahi, mimi huku nje nimefungiwa.

Ningeweza kuipa antena 50 nikalala. Lakini hapo nyumbani wote wangerudi kwenye laini ya konokono, na mradi mzima ungekosa maana. Nikaiweka modemu 100 kwa makusudi, antena 200, ili ugonjwa ukae mahali pamoja niuone.

Nikafungua tcpdump, programu ya kutazama pakiti zinazopita. Kwenye eth0: ombi la simu yangu linaingia, tena na tena. Hakuna jibu. tcpdump kwenye eth1: kimya pia. Hapo ndipo nilipokaa muda mrefu kuliko kwingine kote, kwa sababu pakiti inayoonekana ikiingia halafu isijibiwe popote inakufanya uishuku seva, na seva ilikuwa haina neno. tcpdump huiona pakiti kabla kerneli (kiini cha mfumo wa Linux) haijaikagua. Mkaguzi ni rp_filter, na kwenye mashine yangu ilikuwa 1: anwani iliyotuma ikiwa njia ya kuirudia haipiti mlango ule ule ilioingilia, pakiti inatupwa bila hata salamu. Ukiendesha nstat -az ukatazama TcpExtIPReversePathFilter, utaona namba inapanda kila unapobisha. Jamaa, hii namba ingewekwa kwenye bango.

Nikaweka 2, ile hali ya kulegeza. Kumbuka kerneli huchukua thamani kubwa kati ya ile ya all (laini zote) na ya eth0, kwa hiyo kuandika 0 kwenye eth0 peke yake hakusaidii kitu all ikiwa 1. Sasa jibu likatoka, lakini kupitia eth1, likiwa limebeba 192.168.88.10 kama mtumaji. Modemu haimjui huyo, ikammeza.

Dawa yenyewe ni mistari miwili:

ip route add default via 192.168.88.1 dev eth0 table 101
ip rule add from 192.168.88.10 lookup 101 priority 1000

Yaani jibu lolote lenye anwani ya antena lifuate jedwali la njia la 101, ambalo linajua antena tu. Nikaenda mbele nikairudisha rp_filter kuwa 1, na bado ikafanya kazi, kwa kuwa mkaguzi naye anapitia sheria zile zile.

Halafu nyumbani wakakosa kufungua 192.168.88.10 kutoka kwenye WiFi. Njia ya kurudi 10.20.0.x ilikuwa inanaswa na sheria hiyo hiyo na kuelekezwa antena, basi mkaguzi akalitupa ombi lenyewe. Wengi hunakili njia za ndani kwenye jedwali la pili. Mimi napenda hii zaidi:

ip rule add lookup main suppress_prefixlength 0 priority 900

Inatazama jedwali kuu kwanza, ila njia chaguomsingi inaikataa. Safi kabisa, na ukiongeza mtandao kesho hurudii kazi.

Ili visifutike stima ikikatika, njia nimeiweka kwenye ipv4.routes na sheria kwenye ipv4.routing-rules kwa nmcli, amri ya NetworkManager. Msiguse ipv4.route-table: hiyo huhamisha njia zote za laini, hata ya mtandao wake wenyewe. Na anayenitumia picha ya route -n akiomba msaada simjibu tena, ile huonyesha jedwali kuu peke yake. Tumieni ip route get 8.8.8.8 from 192.168.88.10, inakuambia ukweli kwa mstari mmoja. Netplan, programu nyingine ya kupanga mtandao kwa faili za YAML, nayo inaweza sehemu kubwa ya haya, lakini nafasi za YAML zimenishinda tabia.

Hatua iliyofuata ilikuwa kuhamisha nyumba kwenye antena modemu ikikata. Nimeiweka kando. Darini kwa shangazi yangu kule Shela nimegundua paa letu linaonekana, na nina antena mbili ndogo zimelala kabatini, kwa hiyo nataka kuziunganisha nyumba hizi mbili. Jedwali la 102 tayari nimeliandika. Shangazi amekubali kwa sharti: "Tundu moja tu, mwanangu, na chokaa utaipaka wewe."