Kumfuata mgonjwa wa malaria mpaka dagoni

Kazi yangu ni ufuatiliaji wa malaria, wilaya ya Micheweni, Pemba. Mtu akikutwa na vimelea kituoni, mhudumu hutuma taarifa kwa simu, utaratibu ulioanza Zanzibar mwaka 2008. Tangu 2012 ipo na programu ya Coconut Surveillance, hivyo taarifa naipata kwenye tableti. Hapo napitia rejista ya kituo, kisha nakwenda kwa mgonjwa kuwapima wote wanaolala naye, wenye homa na wasio nayo.

Utaona rahisi. Lakini nyumba zetu hazina namba, na akina Hamadi katika shehia moja hawahesabiki. Sheha, kiongozi wa shehia, husaidia kwa wenyeji. Wavuvi wa dago, yaani kambi ya muda ya wavuvi pwani, hata yeye hawajui, maana leo wapo Tumbe, kesho wameng'oa nanga. Na hao ndio ninaowataka zaidi: wengi wametoka Tanga au kwengineko bara, na wanalala nje, anakouma sana mbu wetu huyu, Anopheles arabiensis.

Nikawaomba wahudumu wa vituo wamuulize mgonjwa mambo mawili zaidi: wenzako wanakuitaje, na unavua chombo gani? Jina la chombo limeandikwa ubavuni, pwani nzima wanalijua. Na wanipigie kabla mgonjwa hajaondoka.

Hivyo ndivyo nilivyompata nahodha mmoja kwa simu. "Mwanangu, asubuhi utakuta makuti matupu. Njoo baada ya alasiri."

Nikawakuta wanashona nyavu. Kijana mmoja akanigomea: "Mimi sina homa, damu yangu ya nini?" Nikamweleza kwamba vimelea vinaweza kukaa mwilini bila homa. Nahodha akanyoosha kidole chake kwanza, ubishi ukaisha. Tukapanga vipimo juu ya ubao, tukasubiri robo saa. Aliyekutwa navyo akaanzishiwa dawa palepale.

Masuala ya fomu nayauliza yote, ila la chandarua siandiki kabla sijachungulia ndani, kwani kila mtu atakujibu anacho. Dagoni pale nilikiona kimoja, kimefunikia dagaa. Suala la kulala nje ya Zanzibar ndilo la kulitulizia, uuliziwe mwezi uliopita wote.

Mtandao haukuwepo. Programu huhifadhi yenyewe, nilipofika Konde ikatuma. Majina ya vyombo bado nayaweka kwenye daftari langu, na mwenzangu wa wilaya ya pili ameshaanza kunipigia kuyaulizia.