Rangi yenye shaba na sukari ya mfupa: siku yangu moja labo, Lubumbashi

Saa kumi na moja alfajiri. Baridi ya Juni hapa Katuba inapenya hadi ndani ya blanketi. Nakunywa chai, natafuta basi la mjini.

Saa moja na nusu nafungua labo. Kwanza naangalia vipande vya mfupa nilivyoviloweka katika asidi ya fomiki wiki iliyopita. Nakipinda kimoja kwa koleo, kinakubali kama mpira: madini yote yametoka. Wengi wanadhani mfupa ni chokaa tu. Lakini toa madini, ambayo ni karibu theluthi mbili ya uzito wake, na umbo linabaki lilelile. Kilichobaki ni nyuzi za kolajeni, na katikati yake protini zilizobeba minyororo mirefu ya sukari. Siyo sukari ya chai. Hii seli huijenga zenyewe, na ndiyo iliyonifanya niipende kazi hii.

Saa tatu, kupaka rangi. Natumia Alcian Blue. Kila molekuli yake ina atomu ya shaba katikati, na mimi mtoto wa mji wa shaba nafurahia jambo hilo kila siku. Rangi ina chaji chanya, sukari zina chaji hasi, basi zinashikana.

Saa tano niko kwenye darubini. Kipande ni cha mtoto wa miaka tisa mwenye vinundu vya mfupa karibu na goti na begani. Kofia ya gegedu juu ya kinundu imekolea buluu. Katika ugonjwa wa vinundu vingi vya kurithi, jeni ya EXT1 au EXT2 ina hitilafu, seli zinashindwa kutengeneza heparani salfeti ya kutosha. Sukari hiyo ndiyo hushika ujumbe wa ukuaji karibu na seli usitapakae ovyo. Ikipungua, gegedu linaota ubavuni pa mfupa. Ila gegedu limejaa kondroitini salfeti, sukari nyingine ya aina hiyo, nayo pia inanywa rangi. Kwa hiyo buluu hii nzuri haiwezi kunionyesha kilichokosekana.

Saa saba, bukari na sombe, haraka. Mama wa mtoto yuko dirishani.

“Docta, majirani wanasema mtu amemroga mtoto wangu.”

“Mama, jibu atakupa daktari. Lakini kuna mwingine nyumbani mwenye vinundu?”

“Baba yake, mkononi.”

“Basi mlete leo, daktari amuone.”

Saa tisa mwanafunzi ananiuliza kuhusu heparini, dawa ya kuzuia damu kuganda. Nayo ni mnyororo wa sukari, ndugu wa heparani. Mgonjwa akiitumia miezi mingi mifupa yaweza kudhoofika: seli zinazojenga zinapunguza kazi, zinazobomoa zinaendelea. Tunabaki hapo hadi saa kumi, nikimchorea kwenye karatasi.

Nabadilisha asidi, naandika tarehe kwenye makopo. Nikitoka nawakuta wote watatu kwenye benchi la korido. Baba amekunja mkono wa shati, daktari anapapasa juu ya kifundo cha mkono wake, na mtoto anatazama kinundu cha baba kwa makini.