Pasheni ya njano Dodoma: nilivyoyafanya maua yashike

Kwangu Mpunguzi pasheni ya njano inazaa mpaka waya unalegea, na nalisema hilo kwa fahari kwa sababu karibu kila ushauri niliopewa ulielekea kwingine. Maua yalikuwa yanajaa, kesho yake yako chini. Mmoja akaniambia, "Mama, udongo wako hauna boroni." Mwingine akasema ni joto la Dodoma. Wa tatu, mkulima wa zabibu wa siku nyingi, akashikilia niongeze urea. Ukimwaga urea kwenye pasheni iliyokwisha kutoa maua utapata majani mazito, basi.

Nianze na hilo la kuifananisha pasheni na zabibu, maana ndilo linalopotosha wengi hapa kwetu. Mzabibu unaolimwa hujichavusha wenyewe. Unaweza kukata vipandikizi kwenye mzabibu mmoja tu wa Makutupora Nyekundu, ukajaza ekari nzima na ukavuna. Pasheni ya njano haikubali. Kila ua lina sehemu ya kiume na ya kike pamoja, ndiyo maana hakuna anayeshtuka kama anavyoshtuka akiona mpapai dume. Lakini chavua, ule unga wa kiume, ikitua kwenye stigma (ncha za kike zinazoipokea) za mche ule ule ulioitoa, inazuiwa isishuke kwenda kwenye ovari, sehemu inayokuwa tunda. Vipandikizi vya mama mmoja, hata viwe mia tatu, mbele ya ua ni mche mmoja. Shamba zima linajikataa! Miche ya mbegu ina nafuu, ila mbegu za tunda moja ni ndugu, na wapo ndugu wasiopokeana. Pasheni nyeusi, ile ya zambarau, ndiyo inayoweza kujizalisha, kwa hiyo aliyezoea hiyo milimani naye atakushauri vibaya kwa nia njema. Aina nyingi za mizeituni zina ukaidi huu huu, tofauti ni kwamba chavua ya mzeituni hubebwa na upepo. Ya pasheni ni nzito na inanata. Upepo wote wa Agosti hapa Dodoma hauihamishi.

Kabla ya kutoa hela, angalia kinachoanguka. Kitumba kikidondoka hakijafunguka, tafuta maji au wadudu. Ua likifunguka vizuri, likafunga, kisha likageuka njano na kudondoka siku moja au mbili baadaye, tatizo ni chavua. Na tunda likiwa kubwa kwa nje lakini jepesi mkononi, ujue chavua iliyofika ilikuwa kidogo: kila mbegu ina kifuko chake cha juisi, mbegu zikiwa chache na juisi ni chache.

Kazi ninayoipenda kuliko zote ni kupima nani anampokea nani. Inataka nyuzi za rangi, bahasha za kaki na pini za kufulia, elfu chache tu, na nyingi utazikuta nyumbani. Asubuhi chagua vitumba vilivyonenepa, vyenye weupe unaochungulia kwenye ncha. Hivyo vitafunguka siku hiyo hiyo. Vivishe bahasha mdudu asikutangulie. Ua la pasheni ya njano hufunguka kuanzia saa sita mchana hivi, na mwanzoni stigma zake tatu zimesimama wima, mbali na vifuko vitano vya chavua. Usiziguse bado. Zisubiri zipinde zishuke mpaka usawa wa vile vifuko. Kwangu saa nane ndiyo saa yenyewe. Stigma ambazo hazikupinda kabisa, ua hilo liache, si la kuzaa.

Sasa chuma ua la mche wa kwanza, pakaza chavua yake kwenye stigma zote tatu za maua matano ya mche wa pili, funga uzi mwekundu kwenye vikonyo. Maua mengine matano ya mche huo wa pili yape chavua yake yenyewe, funga uzi mweusi. Rudisha bahasha, zitoe kesho. Baada ya siku nne au tano nenda ukasome majibu. Penye uzi mweusi utakuta kikonyo kitupu. Penye uzi mwekundu, kama kuna kidonge cha kijani kinachovimba, hao wawili wanapokeana. Kama nako ni patupu, na jua halikuwa kali kupita kiasi wala mvua haikunyesha, rudia mara moja zaidi; jibu likiwa lile lile, waweke kundi moja. Pima na upande wa pili pia, wa pili kwenda kwa wa kwanza. Paka nguzo rangi kwa kila kundi. Ukishafika hapo mistari inajipanga: rangi mbili tofauti zikae zikitazamana. Nguzo na waya ni vile vile vya zabibu, sina la kueleza.

Aliyekwisha kujaza shamba kwa mama mmoja si lazima ang'oe. Abebeshe, yaani aunganishe, tawi la kundi jingine kwenye baadhi ya mashina, na wakati akisubiri, aazime chavua. Vifuko vikishapasuka, saa saba hivi, vichumwe kwenye shamba la mwenzako, viwekwe kwenye kikopo kikavu chenye mfuniko, kivulini. Bodaboda akikuletea kabla ya saa tisa, umewahi. Vitumike mchana huo huo. Maji ndiyo adui hapa: chavua ikilowa inapasuka na kufa. Msimu wa mvua, Desemba mpaka Aprili, tazama wingu kabla ya kuanza, na kumwagilia kwa kurusha maji juu ya majani mchana ni kuua mavuno. Vidole navyo hutoka jasho. Funga kitambaa cha flaneli kwenye ncha za vidole viwili vitatu. Kinashika chavua vizuri na unakwenda haraka. Tembea kwa kuvuka mstari kwenda mstari wa pili na kurudi, usinyooke na mstari mmoja.

Kuhusu mizinga. Nyuki wa asali tunao wengi na tunawapenda, lakini kwenye pasheni ya njano ni wezi. Ni wadogo, wanakomba chavua chini na kuondoka bila kugusa stigma zilizo juu. Anayefaa ni yule nyuki mkubwa mweusi anayetoboa kenchi za nyumba, ambaye watu humziba matundu kwa udongo. Akinyonya nekta mgongo wake unasugua chavua, na kwenye ua linalofuata mgongo huo huo unagusa stigma. Mimi huwawekea milingoti mikavu ya mkonge na magogo laini makavu, nimeyaegesha kwenye nguzo pembezoni, chini ya kipaa kidogo cha bati yasilowe. Mti uliopakwa dawa ya mchwa hawaingii. Na kwa kuwa pasheni haina nekta mwaka mzima, acha mibaazi au maua mengine karibu, la sivyo watahama.

Dawa ya wadudu piga alfajiri au usiku, ua likiwa limefunga. Kuanzia saa sita mchana bomba libaki stoo. Mche ukifa, tazama kwanza rangi ya nguzo ndipo uchague wa kuziba pengo: wa kundi tofauti na majirani zake wa pande zote mbili. Mbegu za miche mipya nachukua kwenye matunda mengi, ya mashamba tofauti, na kila mfuko naandika umetoka wapi.