Kitako cha glasi kilivyonitoa kwenye mkwamo wa lenzi ya mvutano

Wiki mbili nzima nilishindwa kuwaeleza wanafunzi wangu wa darasa la sita la sayansi, hapa Katuba, Lubumbashi, jinsi galaksi, kundi kubwa la nyota linalopinda mwanga kwa mvutano wake kama lenzi, inavyoweza kutuonyesha miale ya eksirei iliyo nyuma yake imetokea wapi hasa. Nilitumia lenzi ya miwani ya kusomea, na kosa lilikuwa hapo hapo. Lenzi ya miwani hupinda mwanga zaidi kadiri unavyoenda pembeni. Galaksi hupinda zaidi ule unaopita karibu na kitovu chake.

Dawa niliipata kwa mama jirani. Baada ya harusi ya binti yake, glasi moja ya mvinyo ilikatika shingo. Nikaomba kitako, ambacho hupinda mwanga zaidi karibu na kitovu kama galaksi, nikasugua ncha kwenye jiwe hadi isikate vidole, nikachora nukta nyekundu kwenye karatasi ya miraba na kuichungulia kupitia kitako. Nukta ikawa pete nzima! Nikasogeza karatasi kidogo, pete ikakatika vipande viwili. Nikainamisha kitako, zikatokea nukta nne.

“Mwalimu, nukta haijasogea hata mraba mmoja, lakini taswira zimeruka mbali,” akasema msichana wa dawati la mbele.

Nilikuwa nikilitafuta neno hilo kwa wiki mbili. Darubini ya eksirei ya Chandra, iliyorushwa angani mwaka 1999, hutenganisha vitu hadi kama nusu sekunde ya tao (sekunde ya tao ni sehemu moja ya 3,600 ya digrii). Kwa MG B2016+112, chanzo cha mbali cha eksirei ambacho mwanga wake umesafiri takriban miaka bilioni 12, nusu sekunde hiyo inameza zaidi ya miaka ya nuru 10,000 (mwaka wa nuru ni umbali ambao mwanga husafiri kwa mwaka). Ila galaksi iliyo mbele yake huzaa taswira tatu, na chanzo kikihama kidogo tu, taswira hubadilika sana. Mwaka 2021 mwanaastronomia Daniel Schwartz na wenzake walizifuata taswira hizo kinyumenyume na kukuta vyanzo viwili vya eksirei, vilivyoachana kama miaka ya nuru 650: huenda mashimo meusi mawili, au moja na mchirizi wa chembe linaourusha. Kila nikiikumbuka tarakimu hiyo mwili hunisisimka.

Juma lililofuata tuliandika kwanza jedwali: nukta ikiwa hapa, taswira huwa hivi. Kisha mmoja akachungulia na kuchora alichokiona, na wenzake, bila kuiona karatasi, wakataja mraba wenye nukta. Mara ya kwanza walikosea. Mara ya tatu waliupata.